Kichura Si Adhabu: Mkuki Hurushwa kwa Miguu

Katika shule zetu nyingi, mwanafunzi aliyechelewa mstarini asubuhi hupewa adhabu ya kuruka kichura. Huchuchumaa, hushika masikio, kisha huruka mbele mara ishirini, mara hamsini, mara mia, mpaka mapaja yatetemeke na magoti yaume. Jioni ya siku hiyohiyo, mwalimu yuleyule hutafuta vijana wa kupeleka kwenye mashindano ya UMITASHUMTA au UMISSETA. Humwita kijana mwenye mkono mnene, humkabidhi mkuki, naye huurusha mara tatu na kuandikwa katika orodha. Maandalizi yameishia hapo.

Ndugu msomaji, matendo hayo mawili, yafanywayo na mtu mmoja katika siku moja, yanaeleza kwa nini nchi yenye watu wengi na miguu mizuri kama yetu haina mrusha mkuki anayetajwa duniani. Asubuhi tumelifanya adhabu zoezi ambalo ni mama wa mchezo huo. Jioni tumemtafuta mrushaji mahali asipopatikana, yaani mkononi. Makala haya yanadai jambo moja tu, nalo ni kwamba mkuki hurushwa kwa miguu, na kwamba mwalimu wa Tanzania anao uwezo wa kuijenga miguu hiyo bila kungoja shilingi ya mfadhili, endapo atakubali kwanza kuiacha kasumba ya zamani.

MKONO WASINGIZIWA

Tuanze na kasumba hiyo. Mkuki wa wanaume una uzito wa gramu 800, na wa wanawake gramu 600. Pakiti ya sukari ya kilo moja ni nzito kuliko wowote kati ya hiyo miwili. Ni nani basi ashindwaye kuinua kitu cha namna hiyo? Kama mchezo huu ungekuwa wa unene wa mkono, mabingwa wa dunia wangetoka miongoni mwa wapagazi wa bandarini. Hawatoki huko, na sababu yake iko wazi kwa yeyote aliyesoma fizikia ya sekondari.

Umbali kinaofika kitu kirushwacho hutegemea, kuliko jambo jingine lolote, kasi yake kinapoondoka mkononi. Tukiuweka upepo kando, umbali huo hukua kwa kipeo cha pili cha kasi. Aongezaye kasi kwa asilimia 10 huongeza umbali kwa asilimia 21. Mkuki wa bingwa huondoka kwa kasi inayokaribia mita 30 kwa sekunde, ambayo ni zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Hakuna bega la binadamu liwezalo kuizaa kasi hiyo peke yake. Sehemu kubwa ya kasi hiyo huanzia ardhini, hupanda miguuni, hupita nyongani na kiwiliwilini, ndipo ifike begani na kiganjani. Mkono ni mlango wa mwisho tu wa kutokea.

Tumtazame mrushaji atumiaye mkono wa kulia. Hukimbia, kisha hugeuka ubavu na kupishanisha miguu. Mguu wa kulia hutua na kuzisukuma nyonga mbele. Mara mguu wa kushoto hukita ardhini mbele yake, kisigino kwanza, goti likiwa limenyooka na kukaza. Tangu mguu huo ukite mpaka mkuki uondoke, kwa mabingwa hupita takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde, au zaidi kidogo. Katika muda huo mfupi kuliko kupepesa jicho, mguu mmoja hubeba mzigo unaozidi uzito wa mwili mara kadhaa, nao hautakiwi kukunjika.

Aliyewahi kusafiri kwa basi atalielewa jambo hili bila mchoro. Basi linapofunga breki ghafla, magurudumu husimama lakini abiria hurushwa mbele. Mguu wa kushoto wa mrushaji ndiyo breki hiyo. Sehemu ya chini ya mwili husimama, ya juu huendelea kwa kasi kubwa zaidi, na mkono hufuata kama ncha ya mjeledi. Lakini goti likikunjika, breki imeshindwa, na kasi yote iliyokusanywa katika mbio humwagika ardhini kama maji ya mfereji uliobomoka ukingo. Mrushaji wa namna hiyo hubaki na mkono wake mtupu, huulazimisha ufanye kazi ya mwili mzima, na baada ya miezi michache hulalamika kwa maumivu ya kiwiko na bega. Kisha sisi husema hakuwa na kipaji!

Mwalimu asiyeamini na afanye jaribio dogo. Achukue mpira mdogo au jiwe la ukubwa wa chungwa. Mwanafunzi aurushe kwanza akiwa ameketi chini na miguu imenyooshwa mbele, kisha akiwa amepiga magoti, kisha akiwa amesimama, na mwisho baada ya hatua tano za kukimbia. Apime umbali mara zote nne na kuuandika ubaoni. Mkono ni uleule, na kitu kirushwacho ni kilekile. Tofauti kati ya namba ya kwanza na ya nne ndiyo kazi ya miguu na kiwiliwili, na darasa zima litakuwa limejifunza fizikia kwa macho yao wenyewe.

MILIMA PEKE YAKE HAITOSHI

Wapo wanaolikubali jambo hilo haraka mno, na hao ndio kundi la pili tunalopaswa kubishana nalo. Husema, kama ni miguu, basi kazi imekwisha, kwani watu wa milimani wanayo. Tuchukue mfano wa Myamba, kata ya milimani katika Wilaya ya Same, kwenye safu ya Upare Kusini ambayo kilele chake cha Shengena kina urefu wa mita 2,462 juu ya usawa wa bahari. Chini yake ni nchi kame inayopakana na mbuga za Mkomazi. Juu ni mashamba ya tangawizi, migomba, mahindi na maharage yaliyoning'inia kwenye miteremko. Mtoto wa huko hujua kupanda na kushuka kabla ya kujua kusoma. Hupanda kwenda shuleni, hushuka kwenda mtoni, na hurudi na mzigo kichwani. Wapo hata wanaokumbusha kwamba Upare Kaskazini, katika nchi ya Ugweno, kulikuwa na wahunzi waliofua chuma kabla ya ukoloni, hivyo eti mkuki umo katika damu.

Hayo ni maneno matamu ya kusemwa kwenye hafla, lakini historia haiwezi kurusha mkuki. Nayo milima, kwa heshima zake zote, hufanya nusu tu ya kazi. Hatuna budi kutofautisha nguvu mbili ambazo lugha ya mitaani huzichanganya. Ipo nguvu ya kudumu, ile inayomwezesha mama wa Myamba kupanda mteremko na mzigo wa kuni kwa saa nzima. Ipo pia nguvu ya mlipuko, uwezo wa misuli kutoa msukumo mkubwa katika kitambo kifupi sana. Mpandaji wa mlima anayo sekunde nzima ya kukanyaga, kuegemea na kujiinua. Mrusha mkuki anayo sehemu ya kumi ya sekunde. Mwenye nguvu nyingi zinazochelewa kufika ni sawa na zimamoto lenye maji tele lililowasili nyumba ikiwa majivu.

Hata hivyo tusiidharau nusu hiyo. Mtu anaposhuka mlima, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya kuzuia, kwani hukaza huku ikivutwa na kurefuka ili goti lisikunjike kwa uzito wa mwili. Hiyo ndiyo kazi ya mguu wa breki wa mrusha mkuki, ila kwa mwendo wa polepole. Kijana wa Myamba, basi, huja shuleni akiwa na msingi ambao wenzake wa tambarare hulazimika kuujenga kwanza. Wajibu wa shule ni kumpa kile ambacho mlima hautoi, yaani wepesi wa kuifyatua nguvu hiyo. Kumwachia mlima kazi yote ni kama kumsifu mtu kwa ardhi yake yenye rutuba na kumnyima mbegu.

Hapa ndipo tunapopaswa kuitazama upya mchakamchaka yetu. Mchakamchaka ni jambo jema. Imewafunza watoto wetu nidhamu, uvumilivu na umoja, na wala hatuna nia ya kuibeza. Taifa hili limejipatia heshima kwa mbio ndefu na za kati. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974. Mwaka 1980 mjini Moscow, yeye na Suleiman Nyambui waliipatia Tanzania medali za fedha za Olimpiki. Na mwaka 2025 mjini Tokyo, Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya dunia katika marathoni. Lakini ushindi huo umetufanya tuone kwamba riadha maana yake ni kilomita, na kwamba mtoto aliyekimbia sana amekwisha fanya mazoezi ya kila mchezo. Mwendo wa mchakamchaka hujenga moyo na mapafu, wala haumfundishi mtu kulipuka. Anayemwandaa mrusha mkuki kwa mchakamchaka peke yake anamfundisha kobe kuruka.

KICHURA KATIKA MAHALI PAKE

Nguvu ya mlipuko hufundishwaje? Jibu lake limejulikana kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1960, mwalimu wa riadha wa Urusi ya Kisovieti, Yuri Verkhoshansky, aliendeleza mazoezi ya kuruka ambayo yalienea duniani kote. Kanuni yake ni ile anayoijua kila mtoto mwenye manati. Mpira wa manati ukivutwa na kuachiwa papo hapo, jiwe hufyatuka kwa nguvu. Msuli nao, ukinyooshwa kwa ghafla wakati wa kutua na kukaza mara moja kwa kuruka tena, hutoa nguvu kubwa kuliko msuli uliokaza kutoka katika utulivu. Kinachofundishwa ni kufupisha muda kati ya kutua na kuruka, ili mguu ukiigusa ardhi usizame bali udunde.

Sasa ndugu mwalimu, tazama orodha ya mazoezi hayo: kuruka kamba, kuruka kwa mguu mmoja, kurukia mbele kwa miguu ya kupokezana na, naam, kuruka kichura. Mabingwa huyafanya katika viwanja vya kisasa, chini ya macho ya madaktari. Sisi huyafanya pia, lakini kwa kumwadhibu mtoto aliyechelewa!

Kwa hiyo tuseme wazi tofauti ya mambo haya mawili, maana mwingine atadai kwamba adhabu hiyo nayo ni mazoezi. Si mazoezi hata kidogo. Mazoezi ya mlipuko hutaka mruko wa nguvu zote, mara chache, kisha mapumziko ya kutosha, kisha mruko mwingine wa nguvu zote. Pale mruko unapoanza kupungua, zoezi limekwisha. Adhabu huanza pale ambapo zoezi linapaswa kuisha. Humtaka mtoto aruke akiwa amechoka, na misuli iliyochoka hujifunza uzito na uvivu. Tena mchovu hutua vibaya, magoti yakiingia ndani na mgongo ukipinda, na hapo ndipo hatari ya kuumia huongezeka. Juu ya yote hayo, mtoto hufundishwa kuuchukia mruko. Ni taifa gani lingemwadhibu mtoto kwa kumsomesha hesabu, kisha likashangaa kwa nini halina wahandisi?

Yatakiwayo ni machache, na mwalimu yeyote ayamudu. Siku mbili kwa juma zatosha, nazo zipishane kwa siku mbili au zaidi ili misuli ipumzike. Wanafunzi wapashe miili joto kwanza. Waruke kamba kwa muda mfupi, kwa wepesi, visigino visikae chini. Kisha waruke kichura mara tano kwa nguvu zote, wapumzike dakika mbili au tatu, na warudie mara tatu au nne. Wafuate kwa miruko ya miguu ya kupokezana kwa umbali wa mita 20, kisha mbio fupi za kasi kwenye mteremko, wakipanda. Wamalizie kwa kurusha mpira mzito au jiwe la kilo mbili kwa mikono yote miwili kutoka nyuma ya kichwa, nguvu ianzie miguuni. Kwa anayeanza, miguso ya ardhi 60 hadi 80 katika siku moja inatosha. Kazi hiyo ifanyike kwenye majani au mchanga, si kwenye sakafu ya saruji. Mtoto anayekua asirushwe kutoka mahali pa juu. Atue kwa utulivu, magoti yakifuata njia ya vidole vya miguu. Na mwalimu apime kuruka mbali bila mbio, mwanzo na mwisho wa kila muhula, aandike katika daftari. Namba hizo zitamwambia nani wa kumpa mkuki kwa haki zaidi kuliko unene wa mkono, na mara nyingi zitamwonyesha binti mwembamba wa nyuma ya darasa ambaye hakuna aliyewahi kumwita.

KISINGIZIO CHA VIFAA

Kundi la tatu ni la wale wenye kilio cha vifaa. Hatuna mikuki, hatuna uwanja, hatuna kocha kutoka nje. Kilio hiki tumekisikia tangu ujana wetu, na kwa sehemu ni cha kweli. Mkuki wa kiwanda ni ghali, na katika kata ya milimani kama Myamba kupata eneo tambarare si jambo jepesi. Lakini kilio cha kweli hugeuka kisingizio pale kinapotumiwa kusitisha hata lile linalowezekana bila gharama. Kanuni hutaka njia ya kukimbilia isiyopungua mita 30 katika mashindano rasmi. Mwanafunzi anayejifunza anahitaji hatua tano hadi saba tu. Wapare wanalo neno lao la kazi ya pamoja, msaragambo, na kwa desturi hiyo wamechimba mifereji na kutengeneza njia kwa vizazi. Asubuhi moja ya msaragambo inatosha kusawazisha njia hiyo na kujaza shimo la mchanga la kurukia. Fito ya mwanzi iliyonyooka, yenye ncha butu, itamfundisha mtoto mwenendo wa mkuki, mradi wote wasimame nyuma ya mrushaji na waende kuokota kwa pamoja. Je, hiyo siyo Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa mwaka 1967, ambayo wengi wetu tuliikariri vyuoni ili kufaulu mitihani?

Anayedhani kwamba umaskini wa vifaa ni hukumu ya milele na amtazame jirani yetu. Kenya, kama sisi, iliitwa nchi ya wakimbiaji. Julius Yego, kijana wa Nandi, alipoona hapana kocha wa mkuki wa kumfundisha, alijifunza kwa kutazama kwenye mtandao picha za Jan Železný na Andreas Thorkildsen. Mwaka 2011 alishinda Michezo ya Afrika mjini Maputo. Baadaye alipata nafasi ya kufanya mazoezi Kuortane nchini Finland. Mwaka 2014 alitwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola mjini Glasgow, na mwaka 2015 mjini Beijing alirusha mita 92.72 na kuwa bingwa wa dunia. Mwaka 2016 alipata medali ya fedha ya Olimpiki mjini Rio de Janeiro kwa mita 88.24. Katika mashindano hayohayo ya Rio aliumia kifundo cha mguu, asiweze kuendelea. Mkono wake ulikuwa mzima, lakini mguu ulipokataa mkuki nao ukakataa.

Yego si jitu la kimo. Wala Železný hakuwa jitu. Mcheki huyo, bingwa wa Olimpiki wa miaka ya 1992, 1996 na 2000, alisifika kwa kasi na udundaji wa mwili wake kuliko kwa unene. Rekodi yake ya dunia ya mita 98.48, aliyoiweka Jena mwaka 1996, haijavunjwa. Na tusidhani kwamba mchezo huu ni urithi wa Ulaya peke yake. Mwaka 2012 mjini London dhahabu ya Olimpiki ilikwenda kwa Keshorn Walcott wa Trinidad na Tobago, mwaka 2021 mjini Tokyo kwa Neeraj Chopra wa India, na mwaka 2024 mjini Paris kwa Arshad Nadeem wa Pakistan, aliyerusha mita 92.97.

Nasi Watanzania si wageni katika uwanja huo. Zakayo Malekwa aliiwakilisha nchi hii katika mkuki kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, Los Angeles mwaka 1984 na Seoul mwaka 1988. Michezo mitatu mfululizo! Taifa lenye busara lingemfanya mtu huyo kuwa mwanzo wa ukoo wa warushaji, kama mbegu ya kwanza ya shamba. Sisi tulimpigia makofi, tukarudi kwenye mpira wa miguu.

TUJIKOSOE

Katika ukurasa huu wa gazeti la Chama hatuna budi kujikosoa wenyewe pia. Ni mara ngapi kiongozi hufika kijijini na mpira mmoja na jezi kumi na moja, akapigwa picha, akaondoka akiamini kwamba amekuza michezo? Jezi huchakaa, mpira hupasuka, na wasichana hawakupata hata hicho. Ni mara ngapi ofisa wa wilaya huandika taarifa ya michezo kwa kuhesabu vikombe na mabonanza, bila kuuliza kama kuna shule hata moja inayompima mtoto na kumwendeleza mwaka hadi mwaka? Tunaye ofisa utamaduni, tunaye ofisa elimu, tunacho Chuo cha Maendeleo ya Michezo huko Malya, tunalo Baraza la Michezo la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Lakini vyombo ni vyombo tu, havitembei vyenyewe mpaka vipate watu wa kuviendesha.

Atatokea mtu mwenye uchungu wa nchi na kuuliza: katika shule yenye upungufu wa madawati, huu ni wakati wa kuzungumzia mkuki? Swali hilo ni halali, na jibu letu ni kwamba hatuombi dawati hata moja liuzwe. Tunaomba zoezi ambalo tayari linafanyika kila siku lifanyike kwa akili badala ya hasira. Tena faida yake haiishii kwenye mkuki. Mtoto aliyefunzwa kuruka na kutua vizuri atakimbia vizuri mbio fupi, atacheza vizuri netiboli na mpira wa wavu, na atakua na mifupa na maungio imara. Mwaka 1973 taifa zima lilikusanyika katika vikundi vya redio kujifunza kwamba Mtu ni Afya. Mafunzo yale hayakungoja utajiri.

Lipo pia suala la haki. Mtoto wa mjini mwenye uwezo hupelekwa kwenye kituo cha michezo, hupata mwalimu na lishe. Mtoto wa Myamba, aliyejengewa mapaja na mlima wenyewe, hutegemea mwalimu wake peke yake. Mwalimu huyo asipojua, au akijua asijali, kipaji cha mtoto huzikwa kimya kimya. Yeye mwenyewe hatajua kamwe kwamba aliwahi kuwa nacho, atazeeka akisimulia kwamba shuleni alirushwa kichura sana. Hasara ya namna hiyo haionekani katika hesabu za halmashauri yoyote, lakini ni hasara ya taifa.

Kwa hiyo, tunawaomba walimu wakuu wakiondoe kichura katika orodha ya adhabu na kukiingiza katika ratiba ya elimu kwa michezo, na aliyechelewa mstarini atafutiwe adhabu nyingine. Tunawaomba maofisa elimu wa wilaya, wakiwamo wa Same, wazitake shule zipeleke daftari la vipimo vya kuruka pamoja na orodha ya majina ya washiriki, ili uteuzi wa UMITASHUMTA na UMISSETA usiwe wa kubahatisha katika juma la mwisho. Tunawaomba wahitimu wa Malya walioko kazini wawafundishe wenzao wa shule jirani, hata kwa Jumamosi moja kwa mwezi. Na viongozi wa Chama wa matawi na kata, watakapokwenda tena kijijini na zawadi, wabebe utepe wa kupimia na kamba za kurukia, kisha wabaki hapo mpaka watoto wamalize kuruka na vipimo viandikwe.

Kesho asubuhi kengele italia, na mtoto mmoja atachelewa mstarini. Mwalimu atakapotaka kufungua kinywa kumwamuru aruke kichura, na akumbuke kwamba anaigusa hazina ya taifa. Amruhusu aende darasani. Jioni amwite pamoja na wenzake wote, wavulana kwa wasichana, awaambie waruke mara tano kwa nguvu zao zote, naye ashike utepe na kupima.